Ripoti inasema p53 chanya: je, baba ana muda gani?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Bombo. Nimelifupisha:

«Salaam, Daktari. Baba yetu ana miaka 63, alikuwa dereva wa malori, na sigara amevuta tangu ujanani. Alianza kukojoa damu bila maumivu yoyote. Wiki tatu zilizopita alifanyiwa upasuaji Kampala kwa kupitia njia ya mkojo, uvimbe ukakwanguliwa. Ripoti inasema saratani ya urothelia (ngozi ya ndani ya kibofu cha mkojo), pT1, daraja la juu, msuli upo na haujavamiwa. Chini yake kuna maneno ambayo hakuna aliyetueleza: p53 chanya kwa nguvu, Ki-67 asilimia 40, CK20 chanya, HER2 2+. Binamu yetu ambaye ni muuguzi amesema p53 chanya maana yake siku zimehesabika. Mwingine anasema tutume kipande India kikapimwe jeni zote, na ndugu wameshakubaliana kuuza kiwanja. Je, protini hizi zinasema baba ataishi muda gani? Tuuze kiwanja?»

Dada yangu, pole kwa mtihani huu, na mpe mzee pole yangu. Nianze na kiwanja, maana ndugu wakishakubaliana mambo huenda mbio: msikiuze kwa ajili ya kipimo hicho. Huenda siku ikafika mkahitaji fedha, na nitakueleza ni siku gani. Lakini leo, kwa ripoti uliyoniandikia, hakuna jibu la jeni kutoka India litakalobadilisha kile ambacho baba anapaswa kufanyiwa mwezi huu.

Pili, p53 chanya haimaanishi siku zimehesabika. Binamu yako hakutunga. Kuna wakati hata mabingwa wakubwa walikaribia kuamini hivyo, na nitakuja hapo. Ila mstari wenye uzito kuliko yote kwenye ripoti ya baba ni ule mlioupita haraka: «msuli upo na haujavamiwa». Kibofu ni kama mfuko wenye tabaka. Ndani kabisa kuna ngozi laini inayogusana na mkojo, chini yake kuna tishu nyembamba yenye mishipa ya damu, kisha msuli mnene. Uvimbe wa baba umetoka kwenye ngozi ukaingia tabaka la pili, ndiyo maana ya T1. Haujafika kwenye msuli. Ukifika kwenye msuli unaitwa T2, na hapo mazungumzo yote hubadilika: kuondoa kibofu, tibakemikali, mionzi. Aliyemkwangua baba alikwangua kwa kina cha kutosha hadi msuli ukaonekana kwenye sampuli. Hiyo ni kazi nzuri. Napokea vipande vingi visivyo na msuli wowote, na kwa vipande hivyo siwezi kumwambia mtu kama saratani imevuka au haijavuka.

Sasa hizo protini. Naomba nikupeleke maabara kidogo, kwa sababu ukiona jinsi jibu linavyopatikana utajua pia ni la kuaminiwa kiasi gani.

Kipande kikitoka mwilini kinatakiwa kiingie kwenye formalini papo hapo. Kikishakolea tunakizamisha kwenye nta, kinakuwa bloki ndogo inayotosha kwenye kiganja. Tunaikata kwa unene wa maikroni 4 hivi, utando mwembamba unaoelea juu ya maji ya vuguvugu kama ngozi ya kitunguu, tunaudaka kwa kioo. Kisha tunaweka kingamwili iliyotengenezwa kutafuta protini moja tu, halafu rangi inayogeuka kahawia mahali kingamwili iliposhika. Viini vingine vinabaki buluu. Mimi nainama kwenye darubini, nahesabu.

Kwa p53 kuna jambo ambalo huwachanganya hata wanafunzi wetu wa udaktari. Protini hii ni ya heri. Kazi yake ni kuisimamisha seli ambayo jeni zake zimeharibika, ijirekebishe au ife. Katika seli yenye afya haikai, huvunjwa ndani ya dakika chache, kwa hiyo chini ya darubini utaona kahawia hafifu hapa na pale. Jeni yake ikiharibika, mara nyingi protini mbovu haivunjwi tena, inarundikana, na viini vyote vya uvimbe vinakuwa kahawia nzito. Hiyo ndiyo «chanya kwa nguvu» ya baba. Maana yake si kwamba ana walinzi wengi, bali walinzi wapo na hawafanyi kazi.

Lakini kuna uharibifu wa aina nyingine, ambapo jeni imeharibika kiasi kwamba protini haitengenezwi kabisa. Hapo uvimbe unabaki buluu tupu, na mtu asiye makini ataandika «p53 hasi» familia ishangilie. Sivyo. Buluu tupu ni ubovu uleule kwa sura nyingine. Na ili kujua kama ni buluu ya kweli, naangalia seli za kawaida zilizo pembeni, zile za kinga zilizotawanyika kwenye tishu. Zikiwa na kahawia hafifu, rangi imefanya kazi na uvimbe ndio umepoteza protini. Zikiwa tupu nazo, hakuna jibu, kipimo kimeshindwa.

Na kipimo hushindwa. Niliwahi kupokea kipande cha kibofu kutoka hospitali moja ya mbali kikiwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa, kwenye maji ya chumvi, siyo formalini. Kilikuwa kimesafiri kwa basi siku mbili. Nilipofungua kifuniko nilijua kwa harufu. Tulikikata hata hivyo, tukakipaka rangi, na kila protini ilitoka «hasi». Mgonjwa alikuwa mama wa watoto wanne na ilibidi arudi kwenye meza ya upasuaji. Tangu siku hiyo, nikisoma «hasi» kwenye ripoti yoyote, la kwanza ninalouliza ni kipande kilisafiri vipi.

Turudi kwa binamu yako na zile siku zilizohesabika. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha kazi kubwa juu ya wagonjwa walioondolewa kibofu. Wale ambao p53 ilirundikana kwenye viini vya uvimbe wao, saratani ilirudi zaidi na walifariki zaidi. Dunia nzima ikashika hapo. Wengi wetu tulifundishwa hivyo darasani. Ikafuata hatua ya haki: jaribio la kweli, ambapo wagonjwa wangepimwa p53 baada ya kuondolewa kibofu, wenye p53 mbovu wagawanywe kwa bahati nasibu, wengine wapewe tibakemikali, wengine wafuatiliwe tu. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Watu 114 ndio waliokubali kugawanywa, wachache kuliko ilivyotarajiwa, na tibakemikali haikuonyesha faida kwao. Lililonishtua zaidi ni kwamba katika kundi zima lililopimwa, kurudi kwa saratani hakukutofautiana kati ya wenye p53 chanya na hasi.

Ilikuwaje protini iliyotabiri vizuri mwaka 1994 ikanyamaza mwaka 2011? Sehemu ya jibu ni vipimo: maabara moja ilihesabu chanya kuanzia asilimia 10 ya viini, nyingine 20, na kingamwili zenyewe zilitofautiana. Sehemu nyingine ni kwamba wagonjwa wa jaribio la pili walikuwa wamechaguliwa wakiwa na ugonjwa wa mapema kuliko wengi wa mwanzo. Na sehemu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba p53 haifanyi kazi peke yake.

Hapa inabidi nieleze njia za ishara, nawe usichoke. Seli ya kibofu ina vipokezi kwenye ngozi yake ya nje. Kimoja kinaitwa FGFR3. Kwa kawaida kinasubiri ujumbe kutoka nje, ujumbe ukifika vipokezi viwili vinashikana, na kushikana kwao kunapeleka amri ndani: protini moja inaiamsha nyingine, RAS inaiamsha RAF, RAF inaiamsha MEK, mpaka amri inafika kwenye kiini: gawanyika. Njia nyingine inapita PI3K na AKT na kusema: usife. Sasa, katika saratani nyingi za kibofu zile za juujuu, tofali moja tu (asidi moja ya amino) la FGFR3 limebadilika. Kwenye nafasi ya 249 serini imetoka, imeingia sisteini, na sisteini ina tabia ya kunasana na mwenzake. Vipokezi viwili vinanasana bila ujumbe wowote, na amri ya kugawanyika haikomi.

Ungedhani hao ndio wenye hali mbaya. Ni kinyume chake. Uvimbe wa njia hii huota kama kichaka kuelekea ndani ya kibofu, hurudi na kurudi, humchosha mgonjwa na kummalizia fedha, lakini kwa sehemu kubwa hauchimbi kwenda chini. Mabadiliko ya FGFR3 yanaonekana kwenye zaidi ya nusu ya uvimbe wa juujuu wa daraja la chini, na kwenye uvimbe uliovamia msuli ni takriban mmoja kati ya saba.

Njia ya pili inapitia p53 na mwenzake RB. RB hukamata protini iitwayo E2F na kuizuia isifungue ukurasa wa kugawanyika. Juu yake kuna p16 inayohakikisha RB haifunguliwi ovyo, na p53 hupitia p21 kuisaidia kazi hiyohiyo kutoka upande mwingine. Zikiharibika p53 na RB pamoja, seli haina wa kuizuia na inalimbikiza makosa kila inapogawanyika. Saratani nyingi zinazochimba msuli zimepita hapo. Karibu nusu yake zina p53 iliyoharibika. Ndiyo maana watafiti waliacha kuuliza «p53 ikoje?» wakaanza kuhesabu ni ngapi zimeharibika kwa pamoja kati ya p53, p21, p27, saiklini E na Ki-67. Kadiri idadi inavyoongezeka, ndivyo ugonjwa unavyoelekea kuwa mkali baada ya kibofu kuondolewa. Hesabu hiyo inatabiri vizuri kuliko protini yoyote peke yake. Hata hivyo, waandishi wa miongozo ya tiba hawajaiweka iwe kigezo cha kuamua tiba ya kila siku, nami naona wana haki.

Kwa baba, basi, p53 inasema uvimbe wake uko kwenye njia ya pili. Lakini «daraja la juu», yaani seli zinazoonekana kali kwenye darubini, lilikuwa limeshasema hivyohivyo. Ki-67 nayo ni marudio. Protini hiyo huwepo kwenye seli iliyo kwenye mzunguko wa kugawanyika na haipo kwenye seli iliyopumzika, kwa hiyo asilimia 40 maana yake katika kila viini mia, arobaini viko kazini. Ni nyingi. Lakini ningeshangaa kuona asilimia 5 kwenye uvimbe wa daraja la juu. Na usigombane na mtu juu ya 40 au 30: wapatholojia wawili, yaani madaktari wanaosoma vipande kwenye darubini, wakihesabu kioo kimoja wanaweza kutoka na namba hizo mbili na wote wawe waaminifu.

CK20 chanya ni habari ya kawaida. Inaonyesha seli bado zinafanana na zile za tabaka la juu la kibofu. Kuna familia nyingine, ile inayofanana na seli za chini kabisa, yenye protini za CK5/6 na EGFR kwa wingi, na hiyo kwa ujumla ina mwenendo mkali zaidi, ingawa baadhi yao hunufaika vizuri na tibakemikali kabla ya upasuaji. Uvimbe wa baba hauonekani kuwa huko.

HER2 2+ ni ya katikati. Ni kipokezi kingine cha amri za kukua, na dawa ya kisasa iliyokubaliwa Marekani mwaka 2024 kwa uvimbe wa aina mbalimbali wenye HER2 inahitaji 3+, tena kwa ugonjwa ulioenea na tiba nyingine zikiwa zimeshindwa. Haimhusu baba kwa sasa.

Hapa nataka kuongeza neno kuhusu kwetu. Takwimu karibu zote nilizokupa zimetoka Marekani na Ulaya, kwa wagonjwa ambao wengi ni weupe, wenye saratani ya urothelia kama ya baba. Uganda ina sura nyingine pia. Kichocho cha mkojo, kile cha minyoo ya Schistosoma haematobium, kiko Lango, kwenye wilaya zinazozunguka ziwa Kwania. Kichocho cha Ziwa Viktoria na Ziwa Albert ni cha utumbo, ni mnyoo mwingine. Mayai ya kile cha mkojo yakikaa ukutani mwa kibofu miaka mingi, ngozi ya kibofu hugeuka kuwa ngumu na magamba, na saratani inayotokea huko ni ya aina ya magamba. Tangu mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeutambua mnyoo huo kuwa kisababishi cha saratani. Kwa aina hiyo, jedwali nyingi za utabiri hazifai, na FGFR3 haina la kutuambia sana. Ripoti ya baba haitaji magamba, na sigara zinatosha kueleza yaliyompata. Lakini kama aliendesha malori na kuishi huko Lango kwa miaka, mwambie daktari.

Ni nini basi kinachotabiri hali ya baba? Mambo ya kawaida yasiyohitaji ndege: uvimbe ulikuwa mmoja au mingi, ulizidi sentimita 3 au la, ni wa kwanza au umerudi, umefika tabaka gani, ni wa daraja gani, na kama pembeni yake kuna ile saratani bapa iliyolala kwenye ngozi ya kibofu bila kuota. Hii ya mwisho ulizeni, kwa sababu hukuiandika na ina uzito mkubwa kuliko HER2. Kwa watu wenye T1 ya daraja la juu, takriban mmoja kati ya watano ugonjwa wake husonga mbele ndani ya miaka mitano. Sikufichi, hiyo si namba ndogo. Lakini isome na upande wa pili: wanne kati ya watano hausongi, na wengi wa hao ni wale waliotibiwa kikamilifu.

Kutibiwa kikamilifu kunaanza na kukwangua mara ya pili. Kwa T1, hata mkono wa kwanza ukiwa mzuri, kati ya theluthi na nusu ya wagonjwa wanakutwa bado wana mabaki, na wachache wanakutwa msuli umeshaguswa. Kazi hiyo hufanywa kati ya wiki ya pili na ya sita baada ya upasuaji wa kwanza. Kikipatikana kibofu safi, inafuata BCG, ndugu wa ile chanjo ya kifua kikuu wanayochomwa watoto wetu, ila kwa kipimo cha kibofu na kwa kumiminwa ndani kupitia mpira: mara moja kwa wiki kwa wiki sita, kisha vipindi vya wiki tatutatu kwa mwaka mmoja hadi mitatu. BCG hiyo ni adimu, huisha madukani hata nchi tajiri. Kama ndugu wana fedha mkononi, waulize mapema itapatikana wapi na kwa kozi nzima, siyo dozi mbili. Halafu kamera ya kuangalia ndani ya kibofu kila miezi mitatu kwa miaka miwili, hata mzee akijisikia mzima. Na sigara aache. Najua amevuta miaka arobaini. Anayeendelea kuvuta saratani humrudia zaidi, na hakuna protini kwenye ripoti hiyo ambayo ninyi mnaweza kuibadilisha kama hiyo.

Siku ya kiwanja, ikifika, ni hii: ikionekana saratani imevuka msuli na kuenea, na daktari wa saratani akasema anataka kujua FGFR3. Hapo kipimo cha jeni kina maana, kwa sababu tangu mwaka 2019 kuna kidonge, erdafitinibu, kinachozima kipokezi hicho kwa wale ambao kimeharibika. Ipo pia sindano inayobeba sumu hadi kwenye seli zenye protini iitwayo nektini-4, na hiyo kwa kawaida haihitaji hata kupima protini hiyo kwanza, maana wengi wanayo. PD-L1, protini nyingine inayopimwa kwenye uvimbe, ilisifiwa sana kwa dawa za kuamsha kinga, nami nimekuwa mwangalifu nayo, kwa sababu kila dawa ilikuja na kingamwili yake na kipimo chake cha kusema chanya. Hata siku hiyo ikifika, ulizeni kwanza: dawa yenyewe tutaipata? Kulipia jina la jeni bila njia ya kupata dawa yake ni kumwongezea mzee huzuni.

Kwa sasa fanya mambo mawili. Nenda maabara iliyotoa ripoti, waombe wakuandikie namba ya bloki ya nta na wathibitishe kuwa wanaitunza. Msiichukue nyumbani, joto la kabati la bati linaweza kuiharibu. Kikihitajika kipimo kesho au baada ya miaka miwili, kitafanywa kwenye bloki hiyohiyo. Na leo umesema ni wiki ya tatu. Mpigie daktari wa upasuaji kabla ya Ijumaa, muulize kama tarehe ya kukwangua mara ya pili imeshapangwa, na kama hakuna, aipange ukiwa kwenye simu.